Kamba ya Muuzaji

Barua ilisema msailiwa aje na kompyuta mpakato, na neno hilo peke yake liliwachelewesha watu wa Kimali siku nzima. Mzee Masele, baba yake Apolonia, aliisoma ile barua akiwa amesimama, akaisoma tena akiwa ameketi, kisha akauliza, "Mpakato. Ya kupakata, kama mtoto?"

"Ni laptop, baba."

"Basi waseme laptop. Wanasumbua watu bure."

Laptop yenyewe Apolonia hakuwa nayo. Alikuwa na stashahada ya utunzaji wa kumbukumbu, na alikuwa na miaka miwili ya kupalilia pamba ya baba yake huku waliosoma naye wakimuuliza kwenye simu, "Bado tu?" Swali hilo lilikuwa limemchosha kuliko jembe. Sasa kampuni moja ya kununua pamba mjini Bariadi ilitaka karani mmoja. Usaili wa kuandika alishaupita, walikuwa wamebaki watatu, na Jumatatu saa mbili asubuhi ungekuwa usaili wa vitendo, kila mtu na mashine yake. Asiye na mashine abaki kwao. Ndivyo barua ilivyosema, ila kwa adabu zaidi.

Mzee Masele hakuzungusha maneno. Akaenda zizini, akamtoa yule ng'ombe mwekundu mwenye baka jeupe shingoni, akampeleka mnadani. Aliporudi alimpa binti yake fedha pamoja na sharti moja. "Utaenda na baba yako mdogo Ndaki. Ng'ombe wangu hageuki kuwa kitu kingine Ndaki akiwa hayupo."

Apolonia akazifunga fedha kwenye kanga.

Huyu Ndaki alikuwa dalali wa ng'ombe kwa miaka thelathini na ushee. Kimali nzima hakuna aliyenunua hata ndama bila kumwita, na waliojaribu kumkwepa walirudi na ng'ombe wa kukohoa. Alikuwa mrefu, mkavu, mwenye koti la kaki la mifuko minne, na ule mfuko wa kulia wa chini ulikuwa umetuna muda wote kwa kamba ya katani, hata kanisani. Kamba hiyo ilikuwa na sababu yake. Kwa Ndaki, mtu akikuuzia ng'ombe amekuuzia ng'ombe tu, kamba ni yake. Unamfungua palepale, unamrudishia mwenyewe kamba yake mkononi, unafunga ya kwako, mnaagana vizuri. Kuondoka na kamba ya mtu ni kumkausha zizi, na Ndaki hakutaka zizi la mtu likauke kwa mkono wake. Wanunuzi wa siku hizi waliondoka na ng'ombe na kamba juu, na yeye alikuwa akiwaangalia hivihivi na kutikisa kichwa.

Jumamosi wakapanda basi la alfajiri. Apolonia alikuwa na daftari, na kwenye daftari alikuwa ameandika alichofundishwa chuoni: RAM nane, diski ya SSD, betri ya saa tatu, kibodi isiyoruka herufi. Walipokaribia mjini akamgeukia baba yake mdogo.

"Baba mdogo, dukani nitaongea mimi. Wewe utakuwa unanisindikiza tu."

"Sawa, mayu," Ndaki akasema, akimwita mama kama Wasukuma wanavyowaita binti zao. Alikubali upesi mno. Apolonia angepaswa kujua tangu hapo.

Duka lilikuwa Somanda, si mbali na hospitali, na mwenyewe aliitwa Hanif. Alikuwa na shati lililopigwa pasi hadi likasimama lenyewe, na maneno yake nayo yalikuwa yamepigwa pasi. Kwenye meza ya mbele laptop kumi na mbili zilikuwa wazi, zote zinawaka, zote zina picha ya maporomoko ya maji.

"Mwangaluka, mzee wangu. Karibu, dada. Leo umekuja siku yenyewe." Hanif akaivuta moja nyembamba ya rangi ya fedha, yenye stika ya tausi mgongoni. "Hii ilikuwa ya mama mmoja daktari. Yeye ni barua pepe tu, asubuhi na jioni. Haina hata mwaka."

Apolonia akaandika jina lake kwenye ile mashine, herufi zikatoka. Akatazama RAM, nane. Akatia alama kwenye daftari. Kusema kweli moyo wake ulishahamia kwenye yule tausi, alishajiona anaingia ofisini naye kwapani na Mama fulani wa mapokezi anamwamkia kwanza.

"Izime," Ndaki akasema kutoka nyuma.

"Mzee, mbona inawaka vizuri?" Hanif akauliza.

"Ndiyo maana. Mnadani ukimkuta ng'ombe amesimama tangu asubuhi, mwambie mwenyewe amlaze. Mgonjwa kusimama anaweza. Kuinuka ndiyo kazi."

Hanif akacheka. Apolonia alitamani ardhi ipasuke immeze, yeye na daftari lake. Lakini mashine ikazimwa, ikawashwa, na hapo wote watatu wakasimama kuingoja. Feni ikaanza kunguruma. Duara dogo likazunguka kwenye kioo, likazunguka. Akaingia mtu wa bodaboda, akachagua spika za masikioni, akazijaribu, akazilipia, akaenda zake, na duara bado linazunguka. Ndaki akapitisha mgongo wa kiganja chini ya tumbo la ile mashine.

"Ana homa."

"Ni joto la Bariadi, mzee."

"Mbona mimi sina?"

Ilipowaka hatimaye, Ndaki akaelekeza fimbo yake ya mnadani kwenye waya uliotoka ukutani. "Sasa mfungue kamba tumwone anavyotembea."

Hanif akasitasita, akauchomoa. Tausi akafa palepale, kioo cheusi, hata kuaga hakuaga. Hanif akasema betri ilikuwa imejisahau tu. Ndaki alikuwa ameshamwomba Apolonia aiinamishe ile mashine kwenye mwanga wa mlango ili aone meno, na Apolonia alikuwa ameshaiinamisha kabla hajajiuliza meno ni yapi. Yalikuwa herufi za kibodi. A ilikuwa imefutika, E imefutika, N ilibaki mguu mmoja.

"Daktari wa barua pepe ndiye kafuta hizi zote?" Ndaki akauliza. "Huyu ni maksai, bwana. Amelima mashamba ya watu. Mrudishe zizini."

Basi ikawa hivyo. Ya pili ilikuwa na doa la buluu kwenye kioo, Ndaki akasema ana chongo. Ya tatu bawaba yake ilicheza, akasema pembe imelegea. Ya nne chapa yake ya chini ilikuwa imekwanguliwa kwa kisu, na hapo Ndaki akavaa uso wa kazi, akauliza kibali kiko wapi, mnyama huyu katoka kwa nani na kapita njia ipi. Hanif akaiondoa mezani. Apolonia daftari lake alishalifunga. Alikuwa na hasira, na lililomtia hasira zaidi ni kwamba hakuona alipokosea yule mzee.

Ndaki akavuta stuli, akaketi, akatazama nyuma ya kaunta. Huko kulikuwa na laptop nyingine, nyeusi, nene, kona moja imetafunika, juu yake kikombe cha chai kimeacha alama ya duara.

"Na yule?"

"Ile si ya kuuza. Ile natumia mimi, stoo na risiti."

"Miaka mingapi?"

"Minne."

"Asubuhi anainuka vizuri?"

Hanif akajibu kabla hajajipanga. "Hata dakika haifiki."

"Namtaka huyo," Ndaki akasema. "Hawa wa mlangoni ni wa wageni. Mimi nataka anayewapa watoto wako maziwa."

Wakabishana. Hanif aliapa, alisimama, alikaa, aliita mke wake Nasrin kutoka ndani ili asaidie kukataa, na Nasrin alipomwona Ndaki alivyokaa kwenye ile stuli akasema, "Muuzie tu, huyu haondoki." Bei wakaisugua, mimi huko siingii. Apolonia akafungua tena daftari, akaikagua ile nyeusi. RAM nane. SSD ipo. Kibodi hairuki. Ilimuudhi kidogo kwamba kila kitu kilikuwa sawa, maana ilikuwa mbaya ya sura kama kiatu cha mlinzi.

Ndaki bado hakuridhika. Akataka aone anavyotembea bila kamba, si dakika moja, safari nzima. Hanif akahamisha kazi zake, akachomoa waya, akaweka video ya harusi ya shemeji yake, na Ndaki akaipakata ile mashine magotini, akaipakata kweli kama barua ilivyotaka, akaitazama harusi saa nzima na zaidi, akiuliza bibi harusi ni mtoto wa nani. Mashine haikuzima. Feni hata haikusikika.

Apolonia akatoka nje kumpigia baba yake simu. Alipogeuka aliwaona kupitia mlangoni, Ndaki na Hanif wanapeana mikono kwa heshima ndefu, Hanif akiwa na uso wa mtu ambaye hajaelewa kitu lakini hataki ugomvi. Hakulitilia maanani. Alimsindikiza baba yake mdogo kituoni, akamshukuru kwa moyo mmoja, wabeja sana baba, akaenda kwa rafiki yake Joyness, ambaye chumba chake kilikuwa hapohapo Somanda na ndiko angelala mpaka Jumatatu.

Jua lilikuwa halijazama alipoifungua ili afanye mazoezi. Betri ilikuwa imebaki asilimia sitini na moja, harusi ilikuwa imekula nyingine. Akatia mkono kwenye begi kutafuta chaja. Akatia mikono miwili. Akalimwaga begi lote kitandani kwa Joyness, zikatoka karanga, vyeti, kanga, na risiti iliyoandikwa vizuri kabisa.

Akapiga simu. Nyuma ya sauti ya Ndaki basi lilikuwa likipiga honi.

"Baba mdogo, chaja iko wapi? Ule waya mweusi, wenye kitofali katikati."

"Ile kamba? Nilimrudishia mwenyewe."

Apolonia akakaa kitandani juu ya karanga. "Baba mdogo, ile ndiyo inayoilisha."

"Najua. Na simu yangu pia inalishwa kwa waya. Nilipoinunua nilimwachia mwenye simu waya wake, nikanunua wa kwangu gulioni. Utafunga ya kwako, mayu. Ya mtu ni ya mtu."

"Ya kwangu nitaitoa wapi? Kesho Jumapili. Mtihani Jumatatu asubuhi." Sauti yake ilianza kupanda, na tangu azaliwe hakuwahi kumpandishia baba yake mdogo sauti. "Umeniharibia, baba mdogo. Umeniharibia kila kitu."

Upande wa pili basi likapiga honi tena. Kisha simu ikakatika, au ilikatwa, hakujua. Apolonia akalia. Alilia kwa ajili ya ng'ombe mwekundu, kwa ajili ya miaka miwili, na kidogo kwa ajili ya vile alivyomjibu mzee.

Simu ya Hanif haikupatikana. Jumapili duka lilikuwa limefungwa, na muuza vocha wa jirani akasema Hanif ameenda Mwanza kuchukua mzigo, anarudi kesho. Chaja ya Joyness ilikuwa na mdomo wa duara, ile mashine ilitaka wa mstatili. Alizunguka maduka machache yaliyokuwa wazi, kila mahali duara, duara, duara. Fundi mmoja akamwambia aje Jumanne. Jumanne ya nini tena. Basi akarudi, akachora kibodi kwa kalamu nyuma ya kalenda ya Joyness, akafanya mazoezi kwenye karatasi mpaka jioni, mashine imezimwa na kufunikwa kanga. Joyness alimtazama akigonga karatasi, akaenda kupika.

Jumatatu saa mbili kasoro alikuwa kwenye chumba cha mikutano cha ile kampuni. Msimamizi aliitwa Mama Goodness, mwanamke wa miwani, asiyecheka bila sababu. Waliokuja kusailiwa walikuwa Apolonia, msichana mpole aitwaye Winnie, na kijana wa tai nyekundu aitwaye Josia. Josia akafungua begi lake, akatoa laptop nyembamba ya rangi ya fedha, yenye stika ya tausi mgongoni.

Apolonia alimtazama yule tausi. Tausi hakumtambua.

"Barua mbili, na jedwali la wakulima mia mbili na uzito wa pamba yao," Mama Goodness akasema. "Mnahifadhi kwenye flashi, mnanikabidhi. Mna dakika mia na ishirini. Soketi ziko ukutani."

Winnie akachomeka, Josia akachomeka. Apolonia akasema yeye hahitaji, kwa sauti ya mtu anayeshiba kwao. Akashusha mwanga wa kioo mpaka akawa anaona yeye tu, tena kwa kuinama pua ikikaribia kibodi, akaanza. Asilimia hamsini na tisa. Barua ya kwanza ikaisha na hamsini. Barua ya pili, arobaini na moja. Kwenye jedwali mkono wake ulikumbuka ile kalenda, ukakimbia wenyewe.

Katikati ya jedwali Josia alinyoosha miguu. Kiatu kikanasa waya, waya ukachomoka, tausi akafa. Josia akauchomeka haraka, akabonyeza, feni ikanguruma chumba kizima, duara likaanza kuzunguka. Mama Goodness akamwangalia, akaangalia saa ya ukutani. Duara linazunguka. Winnie akamaliza ukurasa. Duara linazunguka. Josia alilegeza tai, jasho linamtoka, na Apolonia alimwonea huruma ya kweli, kwa sababu alijua kwamba mahali pale pa Josia palikuwa pake yeye. Jumamosi saa nne asubuhi alikuwa ameshapachagua. Mtu mmoja tu ndiye aliyemzuia, na mtu huyo ndiye ambaye Apolonia alimwambia kwenye simu kwamba amemharibia.

Akarudi kwenye jedwali. Kumi na nane. Mkulima wa mia na sabini, Ng'wanza, kilo mia tatu na kumi. Tisa. Mashine ikaandika onyo jekundu, akalifunga bila kulisoma. Mkulima wa mia mbili. Akachomeka flashi, akahamisha kazi, akaichomoa na asilimia tatu, akaenda kuikabidhi. Aliporudi mezani kioo kilikuwa cheusi.

"Mbona imezima?" Mama Goodness akauliza.

"Imemaliza kazi, mama."

Mama Goodness akatazama saa, akaandika kitu. Hakucheka, lakini alitazama chini haraka.

Nje, getini, alikuwa amesimama mtu mrefu mwenye koti la kaki lililojaa vumbi, mlinzi kamkatalia kuingia. Kwenye bega lake la kushoto ilining'inia chaja, imekunjwa vizuri mizunguko mitano na kufungwa fundo la ng'ombe.

Apolonia alikuwa na maneno aliyoyatunza tangu Jumamosi. Alipofika mbele yake akapiga goti palepale kwenye kokoto. "Mwangaluka, baba."

"Mwangaluka, mayu. Nimechelewa?"

"Nimemaliza. Imenifikisha."

Ndaki akashusha pumzi ndefu. Jumamosi alikuwa ameshuka kwenye basi njiani, akarudi na gari la mchana wa Jumapili, akalala kwa mlinzi wa maduka, na asubuhi alikuwa kwenye ngazi ya Hanif kabla Hanif hajatafuta ufunguo. Alieleza haya yote kwa ufupi, kama habari za mtu mwingine. "Yule Hanif hana neno. Alitaka kunipa tu hivihivi. Nikamwambia siwezi. Nitachukuaje kamba ya mtu?"

"Sasa ulifanyaje?"

Ndaki akajipapasa mfuko wa kulia wa chini. Ulikuwa umelala. Tangu Apolonia apate akili hakuwahi kuuona umelala. "Na yeye asibaki mikono mitupu," Ndaki akasema.

Apolonia aliipokea chaja kwa mikono miwili, na wakaenda kunywa chai.

Simu ya kampuni ililia Jumatano. Wiki ya kwanza kazini, Mama Goodness alimtuma akanunue flashi tatu, akapita kwa Hanif. Duka lilikuwa lilelile, maporomoko ya maji kwenye vioo kumi na moja. Ukutani, kwenye misumari ya chaja, kati ya yenye mdomo wa duara na yenye mdomo wa mstatili, ilining'inia kamba ya katani, nzee, imeng'aa kwa mikono.

Mteja mmoja aliyekuwa anatafuta chaja akaishika, akaigeuza, akatafuta mdomo wake. "Na hii ni ya laptop gani?"

"Iache hiyo," Hanif akasema. "Hiyo haiuzwi. Hiyo ni yangu."